Kamba Hukatikia Pembamba: Kutunza Vifaa na Kuujenga Mwili wa Mpanda Miamba

Kila Jumamosi ninapofika kwenye miamba ya Lukenya, karibu na Nairobi, kabla sijagusa mwamba, huketi chini na kuipitisha kamba yote mkononi, pima kwa pima, kutoka ncha hii hadi ile. Ni mita 60, na kazi hiyo hula dakika kumi hivi. Wenzangu wageni huniuliza kwa nini nisiitazame tu kwa macho. Ni kwa sababu ugonjwa wa kamba mara nyingi hauonekani, ila vidole huujua.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Kwetu sisi tunaoning'inia juu ya hewa, msemo huo ni maelekezo ya kazi: patafute hapo pembamba kabla uzito wako haujapapata. Na baada ya miaka ya kupanda nimeona kwamba pembamba pa mpandaji pako mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye vifaa, pa pili ni ndani ya vidole vyake mwenyewe. Ndiyo maana nayaandika yote mawili katika mwongozo mmoja.

Kamba

Kamba ya kupandia ina sehemu mbili. Ndani kuna kiini cha nyuzi nyingi za nailoni, na ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya uzito. Nje kuna ganda lililosukwa ili kukilinda kiini. Muundo huu ulianza mwaka 1953 huko Ujerumani. Sifa yake kubwa ni kwamba kamba inavutika: mtu akianguka, inarefuka na kumeza nguvu ya ule mshtuko. Ndiyo sababu kamba ya mkonge, au ile ya plastiki ya bluu inayouzwa hadwea, haifai kumshika mtu anayeanguka hata ikiwa nene kama mkono. Haivutiki, kwa hiyo mshtuko wote huishia mgongoni mwa aliyeanguka.

Kabla ya kuuzwa, kamba moja ya aina hii hupimwa kwa kuangushiwa uzito wa kilo 80, na sharti istahimili angalau maanguko 5 mazito mfululizo. Usijifariji kwa hesabu hiyo. Kipimo hufanywa kwa kamba mpya, safi na kavu, si kwa kamba yako iliyokunywa vumbi la mbuga ya Hell's Gate, huko Naivasha, miaka mitatu.

Kuikagua, fanya hivi:

1. Keti penye mwanga. Shika ncha moja, kunja kipande kidogo kati ya vidole kiwe kama herufi U, kisha songa mbele kidogo kidogo. Kamba nzima hufanya tundu la mviringo katikati ya mkunjo. Ikijikunja bapa kabisa kama karatasi, kiini kimevunjika hapo.
2. Sikiliza vidole: uvimbe, ulaini wa ghafla, ugumu wa ghafla, au mahali pembamba kuliko penginepo.
3. Tazama ganda. Manyoya madogo ni ya kawaida. Ukiona weupe wa kiini umechungulia, safari ya kipande hicho imekwisha.
4. Tafuta mng'ao kama wa plastiki iliyoyeyuka, na madoa yasiyo na maelezo.

Ubovu ukiwa mita tatu au nne kutoka nchani, kata hapo na uendelee na kamba fupi. Lakini uiandike urefu wake mpya kwenye begi, kwa herufi kubwa, na ufunge fundo nchani kila unapomshusha mtu. Kumshusha mwenzako kwa kamba isiyofika chini ni ajali inayojulikana dunia nzima, na huwapata hata wazoefu.

Kuosha ni kazi ya karai tu. Maji ya baridi au ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 30, sabuni laini kidogo, na mikono. Jik na dawa yoyote ya kung'arisha nguo iwe mbali kabisa, kwa kuwa hula nailoni. Suuza mpaka maji yawe meupe. Kamba iliyotoka Hell's Gate, kwenye lile vumbi la majivu ya volkano, huchafua karai tatu mpaka maji yakafanana na chai ya rangi. Vumbi hilo ni la kuogopwa kuliko linavyoonekana, kwa maana chembe zake zikipenya ganda hukata nyuzi za ndani kila kamba inapovutika. Kisha anika kivulini penye upepo, siku mbili ikibidi. Usianike juu ya mabati wala juani, kwa sababu jua nalo huila nailoni polepole.

Sasa hifadhi, na hapa nataka uniskize vizuri. Adui mkubwa wa nailoni ni asidi ya betri ya gari. Siku moja tulikodi gari kwenda Naivasha na dereva alikuwa amebeba betri kuukuu kwenye buti, imeegemezwa ubavuni pa begi langu. Tulipofika, begi lilikuwa na doa la ukubwa wa shilingi ishirini. Kamba yenyewe haikuwa na alama yoyote. Ilikuwa na miezi minne tu, nami nilikuwa nimeiwekea akiba karibu mwaka mzima. Niliikata vipandevipande siku hiyo hiyo, hapo hapo maegeshoni, kabla tamaa haijanishawishi. Asidi inaweza kula nguvu ya kamba bila kuibadilisha sura, na hata mvuke wake hudhuru. Kwa hiyo, kwenye Probox, matatu au pikapu, uliza kilichomo kwenye buti kabla hujaweka begi lako. Nyumbani, iweke penye giza, pakavu, mbali na jiko, petroli na panya.

Matumizi nayo yana adabu yake. Tandika turubai chini ya kamba. Usiikanyage, maana kila kisigino hushindilia mchanga ndani. Baada ya anguko zito, fungua fundo, badilisha ncha, uiache ipumzike. Nailoni huhitaji muda kurudia urefu wake. Ikilowa mvua, jua kwamba nguvu yake ya kuhimili maanguko imepungua sana mpaka ikauke. Na usimshushe mtu hata mara moja kwa kamba inayopita moja kwa moja ndani ya kitanzi cha utepe. Nailoni ikisuguana na nailoni hupata moto, na kitanzi kinaweza kuyeyuka na kukatika kwa muda mfupi mno. Kati yao sharti kuwe na chuma.

Watengenezaji wengi hukubaliana hivi kuhusu umri: kamba ambayo haijatumika kabisa isizidi miaka 10, ya mara moja kwa mwezi miaka 5 hivi, ya kila wiki takriban mwaka mmoja. Anguko moja baya kwenye ukingo mkali linaweza kuufanya umri huo kuwa siku moja.

Hanesi na vitanzi vya utepe

Mwezi Oktoba 2006, katika Yosemite huko Marekani, Todd Skinner, mmoja wa wapandaji wakubwa wa kizazi chake, alikuwa akishuka kwa kamba kutoka Leaning Tower. Kitanzi cha mbele cha hanesi yake, ile mikanda ya kiunoni na mapajani inayomshika mpandaji, kilikatika, akaanguka akafa. Kilikuwa kimechakaa, mwenzake alikuwa amekwisha kukiona, na hanesi mpya ilikuwa imeagizwa. Nawasimulia kisa hiki watu wote ninaowafundisha, kwa sababu neno "nitabadilisha wiki ijayo" sote tumeshalisema.

Kagua basi sehemu tatu: kitanzi cha mbele, vishikio viwili ambamo kamba hufungwa, na mishono yote. Kitanzi kizungushe ili kisisuguane daima mahali pamoja. Watengenezaji wengi hushona uzi wa rangi tofauti ndani ya utepe. Rangi hiyo ikichomoza, hanesi imestaafu. Kuosha ni kama kamba.

Zile tepe fupi zenye karabina mbili (pete za chuma zenye mlango unaofunguka), wapandaji huziita kwikidro, zina kipande kidogo cha mpira kinachozuia karabina ya chini isigeuke. Mpira huo haubebi kitu. Mwaka 2013, mtoto wa miaka 12 kutoka Italia alianguka akipanda Orpierre, Ufaransa, akafa, kwa kuwa kwikidro zake zilikuwa zimeunganishwa vibaya, karabina imeshikiliwa na mpira peke yake wala haikupita ndani ya utepe. Ukiziunganisha upya baada ya kuziosha, vuta kila moja kwa nguvu na uhakikishe kwa jicho kwamba karabina imepita ndani ya kitanzi chenyewe. Vitanzi vyembamba vyeupe vya Dyneema huyeyuka kwenye joto dogo zaidi ya nailoni, takriban nyuzi 145, kwa hiyo viepushe na msuguano.

Chuma, kofia na viatu

Ubavuni mwa karabina pameandikwa namba. Ni kipimo cha nguvu kwa kilonyutoni (kN), na 1 kN ni kama uzito wa kilo 100. Karabina ya kawaida hubeba angalau 20 kN ikivutwa kwa urefu, lakini 7 tu ikivutwa kwa upana au mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo mlango usiofunga sawasawa umekupunguzia zaidi ya nusu ya karabina yako. Ukikwama kwa vumbi, uoshe kwa maji ya moto na sabuni, kausha, kisha tia kilainishi kikavu chenye nta. Mafuta ya kupikia na grisi hukusanya vumbi na kuleta ugonjwa ule ule. Ukiona kamba imechimba mfereji wenye kingo kali kwenye karabina, itupe karabina hiyo. Kingo hizo huchana ganda la kamba kama kisu. Kamu, zile zana zinazotanuka ndani ya nyufa, husafishwa vivyo hivyo kwa mswaki mkuukuu. Wapandaji wa pwani waongeze jambo moja: chumvi ya bahari huila alumini, hivyo suuza vyuma kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi.

Kofia usiikalie, usiipake rangi, usiiache kwenye dashibodi. Ikipata pigo kubwa, ibadilishe hata kama ufa hauonekani, maana povu lake hufanya kazi kwa kuvunjika.

Viatu vitoe kwenye begi ukifika tu nyumbani. Futa raba kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupanda, utashangaa inavyonata upya. Usingoje kidole gumba kichungulie. Vipeleke kwa fundi wakati raba ya mbele imebaki nyembamba. Fundi wa mtaani ni hodari, lakini raba ya tairi haina mnato unaotakiwa. Mpe raba ya kupandia, ukiweza kuiagiza, naye ataifunga vizuri.

Na kwa kuwa wengi wetu tunaanzia soko la mitumba la Gikomba, niseme wazi: viatu vya mitumba nunua bila wasiwasi. Kamba, hanesi, vitanzi na kofia usinunue hata kwa bei ya nyanya. Huna njia ya kujua vililala karibu na nini.

Vidole: pembamba pa mwili

Ndani ya vidole hakuna misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo iko kwenye kigasha, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu, mfano wa kamba zinazopita ndani ya pete ndogo zilizoshikamana na mfupa. Misuli hunenepa kwa wiki chache. Kano na pete zake huchukua miezi, hata miaka. Hapo ndipo kijana mwenye nguvu za kujivuta mara ishirini anapoumia: misuli imeshakuwa ya mwaka wa tatu, pete bado za mwezi wa tatu. Siku moja anasikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu, kwa kawaida kwenye kidole cha pete au cha kati, na anakaa nje wiki sita au zaidi.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza, zoezi la vidole ni kupanda kwenyewe, mara mbili au tatu kwa wiki, huku siku ya mapumziko ikikaa katikati. Mshiko wa vidole vilivyokunjwa sana, gumba limelalia juu, ndio unaozibana pete kuliko yote. Utumie pale tu unapohitajika. Zoea kushika kwa vidole vilivyolegea kidogo, kiganja wazi.

Baada ya mwaka, mwambie seremala akuchongee ubao wenye ukingo wa milimita 20, umeviringwa pembeni usikate ngozi, uufunge juu ya mlango. Pasha mwili moto kwanza kwa robo saa. Weka kiti chini na uache miguu ibebe sehemu ya uzito. Ning'inia sekunde 10, pumzika dakika 2 au 3, rudia mara 5, kisha acha. Mara mbili kwa wiki inatosha. Sekunde ya mwisho ya kila zamu iwe bado na akiba. Ukianza kutetemeka umepitiliza. Walio chini ya miaka 16 waache ubao huu kabisa, kwa kuwa mifupa ya vidole vyao bado inakua na inaweza kuvunjika kwenye sehemu ya kukulia.

Kila asubuhi bonyeza shina la kila kidole upande wa kiganja. Hayo ndiyo yale yale niliyoyasema kuhusu kamba. Pakiuma mahali ambapo hapakuuma jana, leo hupandi.

Mwili uliobaki

Wanaoanza hudhani mchezo huu ni wa mikono. Miguu ndiyo ibebayo, mikono hushikilia tu usiondoke ukutani. Zoezi langu la kwanza kwa kila mwanafunzi halina gharama: panda njia rahisi ukiweka kila mguu bila kutoa sauti. Kiatu kikigonga mwamba, rudi nyuma, uweke tena. Wiki nne za zoezi hili huwapandisha watu zaidi ya miezi ya kunyanyua vyuma.

Kwa pumzi ya vigasha, tembea ukutani kwa ubavu karibu na ardhi, dakika 20 mfululizo, kwenye mishiko mikubwa. Mikono ijae kidogo tu, isifike kufa ganzi. Kwa nguvu, kujivuta juu ya bomba zamu 4 za mara 5, pushapu zamu 3 ili mabega yasipinde mbele, na kujinyoosha kama ubao juu ya vigasha na vidole vya miguu sekunde 40 mara tatu. Kwa mshiko na mgongo, beba mitungi miwili ya maji, kila mmoja lita 20, yaani kilo 20 kila mkono, utembee mita 50 umenyooka. Watoto wetu wamefanya zoezi hilo tangu zamani bila kuliita zoezi.

Anayelenga Mlima Kenya anahitaji zaidi. Kilele chake cha Batian kina mita 5,199 na cha Nelion mita 5,188, na hewa ya huko ina msukumo wa takriban nusu ya ule wa Mombasa. Eric Shipton na Percy Wyn-Harris waliupanda Nelion mwaka 1929, na hadi leo hakuna njia ya kilele chochote kati ya hivyo viwili isiyohitaji kamba na mikono. Miezi mitatu kabla, panda ngazi za jengo refu na mgongoni kilo 12, saa nzima, mara mbili kwa wiki. Kisha ukiwa mlimani, ukipita mita 3,000, usilale mita zaidi ya 500 juu ya ulipolala jana. Mapafu ya mkimbiaji hayamwepushi mtu na ugonjwa wa urefu; kinachomwepusha ni kupanda taratibu. Kichwa kikiuma na kutapika kukaanza, shuka, hata kama kilele kiko mbele ya macho.

Wiki yangu huenda hivi: Jumanne ubao na kujivuta, Alhamisi kutembea kwa ubavu na pushapu, Jumamosi mwamba, Jumapili matembezi marefu ya kawaida. Siku nyingine ni za kupumzika kweli. Kila wiki ya nne napunguza yote nusu. Chakula nakula cha kutosha: ugali, ndengu, mayai, omena. Kujinyima ili uwe mwepesi huanza kwa kukupa daraja moja juu, halafu hula mifupa na kano ulizozijenga kwa miaka.

Haya yote nayaandika kwenye daftari moja la shule, kurasa za kushoto vifaa, za kulia mwili. La wiki hii linasema, kushoto: kamba ya kijani, imeoshwa Jumapili, maanguko mawili madogo, manyoya kwenye mita ya nne, itazamwe tena. Kulia: kidole cha pete, mkono wa kulia, kinauma kikibonyezwa tangu Jumatatu. Alhamisi sipandi.